Kulwa kaingia kichwa kwenye ndoo ya maji. Pacha wawili, chumba kimoja, nianzie wapi?

Mama Kulwa (Mabatini, Mwanza)

Habari za jioni wapendwa, na wakubwa zangu shikamooni. Mikono bado inatetemeka, nikikosea kuandika mnisamehe.

Nina pacha, Kulwa wa kike na Doto wa kiume, wana mwaka mmoja na miezi minne. Tunaishi Mabatini, kule juu kwenye mawe, chumba kimoja na kibaraza. Mume wangu anabeba mizigo Mwaloni Kirumba. Anatoka saa tisa usiku, anarudi mchana, anakula, analala. Mimi nakaanga sato, nauza jioni hapo hapo barazani. Kuanzia alfajiri hadi mchana ni mimi na wanangu tu.

Maji ya bomba kwetu yanatoka siku mbili kwa wiki. Yakitoka najaza kila chombo chenye mdomo: ndoo tano za lita 20, madumu, hadi beseni la kufulia. Ndoo nazipanga nyuma ya mlango, ndipo penye nafasi.

Leo saa nne asubuhi Doto alikuwa amejikojolea, nikampandisha kitandani nimbadilishe. Kulwa alikuwa chini nyuma yangu anagonga sufuria kwa kijiko. Nilikuwa nafunga kitambaa cha Doto, upande wa pili sijaufunga, nikagundua kijiko kimenyamaza. Kugeuka naona miguu. Kichwa na kifua viko ndani ya ndoo, miguu iko juu, soksi ya njano imevuka nusu. Ndoo yenyewe wala haikuwa imejaa. Nilishachota ya kuoshea samaki, maji yalikuwa chini ya nusu. Na haikupinduka, jamani. Nilikuwa naamini siku zote kwamba mtoto akiegemea ndoo itaanguka naye, maji yatamwagika, basi. Ilisimama wima kama imejengewa.

Nilimnyakua kiunoni. Alikohoa, akatapika maji, kisha akalia. Jirani akaja mbio akamshika miguu, akamning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Sasa hivi amelala, ananyonya vizuri.

Kinachoniumiza ni hiki. Kila niliyemsimulia leo amenijibu neno moja: uwe makini. Nilikuwa makini! Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nimejaribu kusoma ushauri, nakuta funga droo kwa kufuli, weka geti la jikoni, weka geti la ngazi. Jikoni kwangu ni barazani, kabati langu ni uvungu wa kitanda. Nimeinama leo nikahesabu vilivyomo humo uvunguni: mkaa, dumu la mafuta ya kupikia, jiki niliyopimiwa dukani kwenye chupa ya maji ya kunywa, sumu ya panya (nikileta samaki ndani panya hawakosekani), wembe, na vidonge vya damu vilivyobaki tangu nikiwa mjamzito. Vyote kwenye kimo cha watoto wanaotambaa. Na ukivuka kibaraza, hatua tatu tu, kuna jiwe, na chini ya jiwe ni paa la jirani.

Wiki hii nina 25,000 ya ziada. Mtu wa chumba kimoja aanze na nini?

Mzee wa Buhongwa

Pole mama. Usijitese sana. Sisi tumekulia hivyo hivyo, moto katikati ya nyumba na visima viko wazi, na tupo. Mtoto ana malaika wake. Kuungua kidogo na kuanguka kidogo ndiko kunakomfundisha.

Bibi Nesi (Igoma)

Mwanangu Mama Kulwa, pole. Nimefanya kazi ya uuguzi wodi ya watoto miaka 27, sasa nimestaafu, nalea wajukuu. Nitaandika kirefu, usichoke kunisoma.

Kabla ya yote, mpeleke Kulwa akaonwe usiku huu huu. Mtoto aliyeingia majini akatoka anakohoa lazima asikilizwe kifua, hata kama anacheza. Maji yakiwa yameingia kwenye mapafu, shida ya kupumua inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Ukimwona anapumua haraka haraka, mbavu zinadidimia akivuta pumzi, kikohozi hakikomi, amelegea au midomo inabadilika rangi, usingoje kukuche. Beba, nenda.

Jirani yako alitenda kwa upendo na umshukuru, ila mwambie asimning'inize tena mtoto. Yale maji yanayotoka ukimning'iniza ni ya tumboni, na matapishi yanaweza kumrudia kwenye njia ya hewa. Ikitokea, Mungu aepushe, mtoto ametolewa majini hapumui, kinachomwokoa ni pumzi. Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu kidogo. Kwa mtoto wa umri wa Kulwa, aliyevuka mwaka mmoja, bana pua yake kwa vidole, mdomo wako ufunike mdomo wake, upulize taratibu mara 5 huku unatazama kama kifua kinapanda. Akiwa bado, kandamiza katikati ya kifua kwa kiganja kimoja mara 30, upulize mara 2, tena 30, tena 2, bila kuacha, mwingine akatafute bodaboda au bajaji. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ila huko juu mawe yalipo wewe ndiye wa kwanza, na unaweza.

Sasa ile ndoo. Hukufanya uzembe, ila hukuambiwa. Mtoto wa mwaka mmoja kichwa chake ni kizito kuliko unavyodhani ukilinganisha na mwili, na mikono yake haina nguvu ya kujisukuma arudi. Akichungulia akatanguliza kichwa, hajiwezi tena. Na ndoo yenye maji kidogo chini haipinduki kirahisi, kwa sababu uzito wote uko kitakoni. Sentimeta 5 za maji zinatosha kufunika pua na mdomo. Halafu hapigi kelele, kwa sababu hana hewa ya kupigia kelele. Ndiyo maana ulichosikia ni kijiko kunyamaza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Hapa kwetu tukisikia kufa maji tunafikiria ziwa na mitumbwi. Watoto wa umri huu wanafia hata nyumbani, kwenye ndoo, beseni, pipa na shimo la choo.

Umeuliza uanze na nini. Anza na mifuniko. Nenda kanunue ndoo za mifuniko ya kubana, ile ambayo hata wewe unaifungua kwa kuivuta pembeni, au ununue mifuniko peke yake inayoenea ndoo ulizonazo. Isiyopata mfuniko igeuze kichwa chini ikae tupu. Madumu yenye mdomo mdogo ndiyo yachukue maji mengi. Beseni ukimaliza kufua mwaga pale pale, hata kama maji unayaonea uchungu, uyamwagie choo. Hilo halikumalizi hata nusu ya pesa yako, na unaweza kulitekeleza kesho.

La pili ni uvungu. Ninaomba usiku huu, kabla hujalala, jiki, sumu ya panya, wembe na vidonge viondoke huko. Vitie kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, uitundike kwenye msumari mrefu juu ya kichwa chako, mbali na kitanda na chochote wanachoweza kupandia. Vile vidonge vya damu najua akina mama wengi hawavihesabu kama hatari kwa sababu tumepewa kliniki kwa ajili ya afya. Ni madini ya chuma. Vingi ni vyekundu, vinang'aa, mtoto anaona peremende. Vichache tu vinaweza kumuua mtoto wa umri huo, vinachoma tumbo na kuharibu ini. Nimeshika mkono wa mama mmoja aliyekuwa anarudia neno moja tu: lakini ni dawa ya damu, lakini ni dawa ya damu. Kama huvitumii, virudishe kliniki.

Na wewe Mzee wa Buhongwa, shikamoo. Nakuheshimu, lakini hili siwezi kulinyamazia. Tupo sisi tuliobaki. Wale wasiobaki hawaandiki humu. Mama zetu walizika, na walikatazwa kulia sana kwa kuwa alikuwa mtoto mdogo. Na kuungua hakumfundishi mtoto wa mwaka mmoja. Nimefungua bendeji za mtoto aliyetumbukiza kiganja kwenye uji, akapakwa majivu na yai nyumbani, akaletwa baada ya siku nne. Vidole vitatu vilishaanza kushikana. Aliporudi baada ya miezi mkono ulikuwa umejikunja kama ameficha sarafu, na alikuwa anaulizia lini utafunguka. Huyo alijifunza nini?

Baba Masanja (Kayenze)

Dada, pole sana. Mimi ni mvuvi wa dagaa, sina elimu ya hospitali, nasimulia yaliyonikuta.

Zamani tulikuwa tunavua kwa karabai, kabla hatujaingia kwenye taa za sola. Mafuta ya taa nilikuwa nanunua lita tano, nayagawa kwenye chupa za maji za lita moja ili kila mtumbwi uchukue yake. Chupa moja ilibaki nyumbani, nyuma ya mlango, imejaa nusu. Mafuta ya taa kwenye chupa ya maji yanaonekana maji tu. Kijana wangu alikuwa na miaka miwili, ametoka juani ana kiu. Alikunywa mafunda mawili, labda matatu. Mama yake alijua kwa harufu.

Tulikosea kwa nia njema kabisa. Shangazi alimpa maziwa, kisha akamtia kidole kooni atapike. Alitapika, na pale pale akaanza kukohoa na kupumua kwa shida. Hospitali daktari alinieleza taratibu, hakunigombeza: tumboni yale mafuta hayana madhara makubwa kama yanayoingia kwenye mapafu, na kinachoyapeleka mapafuni mara nyingi ni kumtapisha mtoto. Tulikaa wodini siku tisa, mtoto yuko kwenye oksijeni. Amepona, yuko darasa la tano leo. Lakini mimi sijawahi tena kutia kitu kisicholiwa kwenye chupa ya kunywea.

Kwa hiyo dada, hiyo jiki yako kwenye chupa ya maji ihamishe. Si kuificha tu, ihamishe chupa. Tafuta dumu la rangi, lile la sabuni, na uliandike hata kama mtoto hajui kusoma, kwa ajili ya mgeni atakayekuja na kiu. Ndugu zangu wa Magu na Kwimba mnaolima pamba, na nyinyi ile dawa ya kupulizia msiigawane kwenye chupa za soda.

Mtoto akishakunywa: usimtapishe, usimpe maziwa wala maji ya chumvi, mvue nguo iliyolowa, mwahishe, na ubebe ile chupa uende nayo ili waone ni kitu gani.

Mama Kulwa

Nimerudi kutoka hospitali, saa sita na nusu usiku. Bibi, ahsante sana, nimekutii. Wamemsikiliza kifua, wamepima hewa kwa kile kifaa cha kidoleni, wamesema kifua kiko safi ila tukae nao saa chache. Tulikaa, tumeruhusiwa.

Sumu ya panya nimeitupa chooni na vyote vingine vimetundikwa. Baba Masanja, nimekusoma nikiwa benchi pale, machozi yamenitoka. Jiki nimeimwaga.

Nimebaki na mafuta ya moto. Siwezi kuacha kukaanga, ndiyo kodi na ndiyo ada ya mkubwa. Jiko la mkaa liko chini, karai liko juu yake, Doto anatembea sasa. Nimejaribu kumfunga mgongoni nikakaanga, mafuta yanaruka mpaka kwenye kanga.

Mkaanga Samaki (Igombe)

Mwenzangu, usimbebe mgongoni ukiwa kwenye karai, hata siku moja. Ukiteleza mnaanguka wote wawili.

Mimi nilikata shauri la kubadilisha saa. Nilikuwa nakaanga saa nane mchana ili ikifika saa kumi na moja niko tayari na biashara. Mume wangu anaamka saa kumi. Nikamwambia, nikikaanga wewe umelala niko peke yangu na moto na mtoto. Nikianza saa kumi kamili tuko wawili. Akakubali. Saa moja na nusu hiyo anawachukua wanaenda kukaa kwa bibi yao au uwanjani. Nilipoteza wateja wawili watatu wa mapema, wamerudi.

Jingine ambalo watu hawalitazami: mafuta ni hatari zaidi baada ya kuipua. Ukiwa unakaanga macho yako yapo pale. Ukimaliza unaweka karai pembeni lipoe, unageukia wateja, na karai halitoi moshi wala sauti. Dada yangu mtoto wake alikalia karai la namna hiyo. Mimi nimejenga kwa matofali ya kuchoma, kozi tano, kama meza, jiko linakaa juu na karai linapoea juu hapo hapo. Mpini wa sufuria unaangalia ukutani. Kitambaa cha meza tumeondoa, mtoto anakivuta na chupa ya chai inakuja.

Bibi Nesi (Igoma)

Huyu wa Igombe amesema vizuri, hasa saa. Naongeza la huduma ya kwanza tu, maana kwa mkaanga samaki ni lazima ulijue kama jina lako.

Mtoto akimwagikiwa na kitu cha moto, muda ule ule mvue nguo iliyolowa mafuta au uji, kama haijagandia kwenye ngozi. Mmwagie maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, kwa dakika 20 kamili kwa saa. Dakika 20 ni ndefu mno mtoto akiwa analia, utataka kuacha kwenye ya tatu. Usiache. Huku kwetu kwenye mgao nimewaona akina mama wakishindwa kwa sababu maji ni machache. Tumia jagi na beseni: mmwagie, maji yaangukie kwenye beseni, yachote tena ummwagie tena, yakipata joto badilisha. Ndoo moja inatosha. Sehemu nyingine za mwili zifunike asipate baridi. Kisha funika jeraha kwa kitenge au kanga safi iliyopigwa pasi, iwe imelegea, muende hospitali. Malengelenge msiyatoboe.

Msipake kitu. Dawa ya meno, yai, asali, majivu, unga, mafuta ya taa, vyote hivyo nimevisugua kwenye vidonda vya watoto wakipiga kelele, kwa sababu daktari hawezi kuona kilicho chini mpaka vitoke. Kiganja cha mtoto mwenyewe na vidole vyake ni kama sehemu moja ya mia ya mwili wake. Kikiungua kipande cha ukubwa huo, au popote usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye maungio, huyo ni wa hospitali hata kama amenyamaza.

Na kwa kuwa mnauza samaki, niseme la mfupa. Mtoto akikwama mwiba kooni tunampa tonge kubwa la ugali alimeze. Tuache. Tonge linaweza kuusukuma mwiba ukachoma ndani zaidi, na kwa mtoto mdogo tonge lenyewe linaweza kumkaba. Mchambulieni samaki kwa vidole vyenu, mtoto akae chini wakati wa kula asikimbie na chakula mdomoni, na karanga zisubiri mpaka afike miaka mitano.

Fundi Mbao (Nyakato)

Mama Kulwa, huo mlango wako nipimie upana. Nikueleze nilichowatengenezea wapangaji watatu wa huko huko juu kwenye mawe.

Ni nusu mlango. Unakaa kwenye fremu ile ile ya mlango wako, chini, bawaba mbili upande mmoja. Mlango mkubwa unabaki wazi hewa inapita, na wewe uko barazani unakaanga unawaona na kuwasikia, wao wako ndani. Kimo nafanya sentimeta 85. Mbao zinasimama wima, hapo nasisitiza, kwa sababu ukiweka za kulala mtoto anazigeuza ngazi. Nafasi kati ya mbao na mbao isifike sentimeta 10, mimi naweka 7, maana mwili wa mtoto ukipita kichwa kinabaki kimekwama. Komeo naliweka kwa nje, chini kidogo ya ukingo wa juu, uinamishe mkono kulifungua. Natumia mabanzi na vipande vinavyobaki kwenye vitanda, napiga randa na msasa asichomwe na vibanzi. Kwako 14,000 pamoja na bawaba, na sitaki yote kwa mkupuo.

Ukibaki na kitu, rafu moja juu. Na kama una televisheni juu ya stuli, niambie nije na waya na misumari miwili, nafunga ukutani bure. Niliitwa kutengeneza kabati lililomwangukia mtoto aliyefungua droo za chini akazipanda. Niliona alama ya mkono wake kwenye vumbi la droo ya tatu. Kabati nililikarabati, lakini sikuweza kuchukua hela.

Lile jiwe mbele ya kibaraza lako siwezi kukupa jibu bila kuliona. Uzio wa mabanzi unasimama tu kama kuna udongo wa kuchimbia. Kwenye jiwe tupu inabidi sementi.

Mzee wa Buhongwa

Bibi Nesi, marahaba, nimekusoma mara mbili. Sisi tulikuwa tisa kwa mama yangu, tumebaki sita. Mmoja wa wale watatu ni kisima. Sikuwahi kulisema hilo nikiwa naongelea malaika. Mama Kulwa, samahani mwanangu. Nina mifuniko minne ya ndoo za rangi za lita 20, mizima. Nikija mjini Ijumaa nitaiacha kwa fundi Nyakato.

Mama Kulwa

Ni siku ya kumi na moja leo, nimeona niwarudishie majibu.

Ndoo zote tano zina mifuniko, minne ni ya Mzee, Mungu akuzidishie baba. Kulwa anakaa juu ya mfuniko anaupiga makofi, anadhani nimemletea ngoma. Nusu mlango umefungwa tangu Jumatano. Siku ya kwanza walilia wote wawili wameushikilia kama wako mahabusu, siku ya tatu wakauzoea, sasa wanapitisha vijiko kwenye nafasi wananipa barazani. Baba yao anaamka saa kumi, nakaanga saa kumi. Nilimsomea simulizi ya Baba Masanja, hakusema kitu, alitoka akarudi na matofali ya kuchoma kumi na mawili begani. Meza ya jiko ina kozi tatu, inaongezwa akipata.

Betri nilisahau kuwauliza, lakini nimeona mwenyewe: kile kitochi cha watoto kina betri za mviringo kama sarafu, na kifuniko chake hakina skrubu.

Bibi Nesi (Igoma)

Kiondoe leo, mwanangu. Betri hiyo ikikwama kooni inaunguza nyama kwa umeme wake, na ndani ya saa mbili inaweza kutoboa. Ukihisi amemeza, usingoje itoke kwenye choo, apigwe eksirei mara moja. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja unaweza kumpa asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, kama imemezwa ndani ya saa 12 na anaweza kumeza. Aliye chini ya mwaka asipewe asali. Na asali isikucheleweshe kuondoka.

Mama Kulwa

Nimekitoa, nimezifunga betri kwenye selotepu nikazitundika juu.

Kilichobaki ni pipa. Uani kuna pipa la lita 200 chini ya mfereji wa bati, tunakinga maji ya mvua. Ni la wapangaji sita, halina mwenyewe, halina mfuniko, na kuna matofali mawili pembeni ambayo watoto wakubwa wanapandia kuchota. Nilimwambia mwenye nyumba, akasema tukae wapangaji tukubaliane. Tunakaa Jumapili baada ya ibada. Nimepima mdomo kwa utepe wa fundi cherehani, sentimeta 58. Fundi, tukichanga, mfuniko wa mbao utakuwa bei gani?

Fundi Mbao (Nyakato)

Watoto wakubwa wanapandia? Basi mfuniko wa kuweka tu hautoshi, wataunyanyua. Nitaukata vipande viwili, kimoja nakikaza moja kwa moja kwenye ukingo, kingine kiwe na bawaba na kitasa cha kufuli. Chini nitatoboa nitie bomba, mtu akinge bila kufungua juu. Hayo matofali mawili yaondoeni leo, msisubiri Jumapili. Mbao ninazo, nyinyi changeni bomba na kufuli.